Koo la Mama Pimbi na Sufuria ya Majirani

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Ikiwa chungu?
— Tutameza!
Ikiwa tamu?
— Utaificha!
Basi kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Mama Pimbi alikuwa juu ya mwamba anapepeta ulezi, pepe-pepe-pepe, makapi yanaruka huku, ulezi unabaki huku, ndipo Bi Kanga akaja mbio kutoka kijitoni, mabawa wazi, miguu haigusi chini.

"Ke-ke-ke-ke! Mama Kokoto! Mama Kokoto, weka ungo chini! Chui amevuka kijito!"

Mama Pimbi hakuweka ungo chini. Bi Kanga hupiga kelele hata jani likianguka. Pepe-pepe-pepe.

"Nimemwona kwa macho haya mawili, shoga. Amevaa kilemba. Amebeba mkoba. Na kila anayekutana naye anamuuliza, 'Eti ni kweli mlinzi wa mwambani hana sauti?'"

Hapo ungo ukashuka.

Maana ilikuwa kweli. Mama Pimbi ndiye aliyekuwa mlinzi wa mwamba ule. Adui akionekana, yeye husimama juu na kulia, "Kwiiii!" na watoto wake hukimbilia kwenye ufa wa jiwe, mahali ambapo mkono wa adui haufiki. Lakini ilikuwa siku ya pili sasa koo linamuuma. Alikuwa akimeza mate anaona nyota.

Watoto wake walikuwa sita: Kokoto, Changarawe, Jabali, Kijiwe, Kifusi, na kitindamimba Vumbi, ambaye hata mwaka hajatimiza. Saa ile wote walikuwa malishoni, kila mmoja upande wake, kwa sababu watoto wale hawakuweza kula pamoja bila kung'atana. Mama akimfuata Kokoto bondeni, Chui atamkuta Vumbi kileleni. Akimfuata Vumbi kileleni, Chui atamkuta Jabali kwenye majani marefu. Miguu ni minne, lakini pimbi ni mmoja.

"Waite wewe," Mama Pimbi akanong'ona.

"Nimewaita njia nzima! Wameniangalia, wakaendelea kula."

Na hilo halikuwa kosa lao. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha: "Mkimsikia Kanga, kuleni. Mkimsikia Kima, kuleni. Mkinisikia mimi, kimbieni nyumbani. Na mkimsikia adui mwenyewe, hamhitaji mtu wa kuwaambia." Lilikuwa fundisho zuri sana, mpaka koo lilipoziba.

Mama Pimbi akasimama juu ya jiwe, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

"Fff."

Basi. Hakuna kingine kilichotoka.

"Chui yuko wapi?" akanong'ona.

"Kwenye mkuyu," akasema Bi Kanga. "Lakini usijali, shoga. Kwetu sisi koo ni jambo dogo."

Akachomoa chini ya bawa kibuyu kidogo: tangawizi iliyopondwa, asali, na ndimu. Bi Kanga akachovya ncha ya ukucha, akailamba mwenyewe, ndipo akampa mgonjwa. Hivyo ndivyo ilivyo mwambani. Kwanza, dawa ya jirani haikataliwi. Ukikataa umemtukana yeye na mama yake. Pili, mwenye dawa huonja kwanza, ncha ya kidole tu, mbele ya macho ya mgonjwa. Asiyeonja, dawa yake hupokelewa kwa shukrani, na ikishapokelewa, hakuna anayeuliza imekwenda wapi.

Mama Pimbi hakuwa amepokea vizuri, Nungunungu akafika, miba inagongana, kacha-kacha-kacha.

"Hodi mwambani. Koo?"

"Koo."

"Kwetu sisi, Mama Kokoto, ni maji vuguvugu na chumvi. Unasukutua, unatema. Unasukutua, unatema. Humezi." Akaonja. Akampa.

Sasa Mama Pimbi akawa na kibuyu mkono huu, kikombe mkono huu, na Chui kwenye mkuyu. Kichwa kikamzunguka. Hiki cha kutema ni kipi? Cha kumeza ni kipi? Cha moto, au cha vuguvugu? Kabla ya kula, au kabla ya kuliwa? Akafumba macho, akameza maji ya chumvi, glu-glu-glu, kisha akasukutua asali na tangawizi, gogo-gogo-gogo, akaitema chini.

"Umetema asali!" akalia Bi Kanga. "Asali!"

"Amemeza chumvi," akasema Nungunungu, taratibu.

Mama Pimbi akafungua kinywa.

"Fff."

"Chui yuko wapi?"

"Amefika kwenye kichuguu," akasema Nungunungu.

Akaja Kima, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, ameshika chupa yenye kitu cheusi.

"Hodi mwambani! Koo?"

"Koo."

"Kwetu sisi ni masizi ya chungu na mafuta ya taa. Vijiko vitatu. Babu yangu alikunywa hii hii."

"Babu yako yuko wapi?"

"Alikufa. Lakini koo halikumuuma tena."

Mama Pimbi akaitazama chupa. "Onja basi."

"Mimi? Nimetoka kula sasa hivi. Nimeshiba mpaka hapa." Kima akaonyesha shingoni.

"Asante sana, jirani," akanong'ona Mama Pimbi, na Kima alipogeuka tu, akaimimina ile dawa kwenye sufuria iliyokaa pembeni, mbali na mafiga. Mafuta ya taa ni ya taa. Hata pimbi anajua. (Msiniulize pimbi alipata wapi sufuria. Alikuwa nayo.)

Akaja Ngiri, anahema, ana udongo puani na rundo la mizizi mdomoni.

"Hodi. Koo?"

"Koo."

"Kwetu sisi ni pilipili kichaa mkono mzima, na mzizi."

"Mzizi gani?"

"Mzizi wa chini."

"Una jina?"

"Mama Kokoto, mzizi hauulizwi jina. Unaulizwa kama umechimbwa." Ngiri alikuwa mtu wa heshima, basi akaonja, ncha ya ulimi. Macho yakamtoka. Machozi yakamshuka mpaka kwenye pembe za mdomo. Akapangusa pua kwenye jiwe. Kisha akasema, "Nina mafua kidogo."

"Asante sana, jirani." Ile nayo ikaingia sufuriani. Na asali iliyobaki ikaingia, kwa sababu Bi Kanga alikuwa amenuna na hakutaka kibuyu chake kirudi na kitu ndani. Na chumvi iliyobaki. Na maji ya kuoshea ulezi, kwa bahati mbaya. Ikakaa pale inatoa povu bila moto, blu-blu-blu, na hakuna aliyeweza kusema tena kilichokuwamo.

Mama Pimbi akafungua kinywa.

"Fff."

"Chui yuko wapi?"

Hakujibiwa. Alipogeuka, Bi Kanga hayupo. Nungunungu hayupo. Kima hayupo. Ngiri amebaki mkia tu, umesimama wima, unapotelea vichakani.

"Hodi hapa mwambani," ikasema sauti nene, laini kama siagi.

Chui alikuwa amesimama chini ya mwamba, kilemba kichwani, mkoba wa mganga begani.

Mama Pimbi akatazama nyuma. Kutoka pale alipokaa mpaka kwenye ufa ilikuwa mruko mmoja. Yeye angeweza kuingia na kuokoka. Watoto sita wangerudi jioni, wanafuatana mmoja mmoja, wakamkute mganga mlangoni. Akakaa palepale.

"Karibu," akanong'ona.

"Poleni na mgonjwa."

"Mgonjwa ni mimi."

"Najua. Nimelisikia koo lako kutoka ng'ambo ya kijito. Yaani, nimesikia halisikiki." Chui akaketi kwa adabu, mkia ameukunja. Hakumrukia. Pimbi mmoja kwa Chui ni kitafunio cha kungojea chakula, na yeye alikuwa amekuja kula chakula. "Koo la namna hii, dada yangu, linaambukiza. Una watoto?"

"Sita."

"Sita." Chui akalamba mdomo. "Sita na mama yao, saba. Maskini. Basi sikiliza. Nakutibu wewe kwanza, sauti irudi, uwaite. Wapange mstari. Wafumbe macho. Wapanue vinywa. Nitawakata vimeo, mmoja baada ya mmoja, na hakuna atakayekohoa tena maishani."

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia mwisho wa kinywa. Hakijamkosea mtu. Lakini wapo wanaokisingizia kila kikohozi, wanakikata, na mgonjwa anatoka damu na kikohozi chake anacho vilevile. Mama Pimbi alikuwa na kizunguzungu, lakini hilo alilijua.

"Sawa, mganga," akanong'ona. "Ila kwetu, mwenye dawa huonja kwanza."

"Kukata hakuonjwi."

"Basi wewe mwenyewe umeshakatwa siku nyingi. Tuone chako kilipokatwa."

Chui akakohoa. "Nilikatwa zamani. Mtoto kabisa."

"Panua."

Chui akapanua. Mama Pimbi akachungulia. Meno huku, meno huku, na katikati, kimeo kinaning'inia kizima kama kengele ya shule.

"Mbona kipo?"

"Kimeota."

"Kumbe kinaota?"

"Kwa sisi wakubwa."

"Na changu ukikikata, kitaota?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hutapata muda," akasema Chui, kisha akasikia alichosema. "Nina maana, hutahangaika kungoja. Utakuwa umepona."

"Ahaa," akasema Mama Pimbi.

Wakatazamana. Blu-blu-blu, ikasema sufuria.

"Hicho nini kinachonuka?" akauliza Chui.

"Hicho? Achana nacho, mganga. Hicho si cha wageni."

Ukimwambia mlafi kitu si cha wageni, umeshamkaribisha. Chui akasogea hatua moja. "Si cha wageni kwa nini?"

"Ni dawa ya kupanua koo. Ngiri amekuja sasa hivi, koo lake jembamba, hata njugu haipiti. Akaonja ncha ya ulimi tu. Akameza boga zima na kikonyo chake. Muulize."

"Boga zima," akasema Chui.

"Bila kutafuna."

Chui akahesabu kwa makucha. Boga moja ni pimbi wangapi? Pimbi watatu? Wanne? Maisha yake yote jambo lililomuudhi ni kutafuna. Wakati unamtafuna mmoja, wengine wanakimbia. "Hebu niambie, dada yangu. Mtu mwenye koo lililopanuliwa namna hiyo, angeweza kumeza vitu, tuseme, saba? Kwa mpigo?"

"Ngiri aliishia kwenye boga kwa sababu hapakuwa na kingine."

Chui akasogea hatua ya pili.

"Lakini huonjwa kwa ncha ya kidole," akanong'ona Mama Pimbi. "Ncha tu. Nakuambia mapema, usije ukasema sikukuambia. Na mimi mwenyewe sijui kilichomo ndani yake."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa kweli yote. Hakuna mganga aliyewahi kumwambia mgonjwa ukweli mwingi kiasi kile. Lakini Chui aliwaza hivi: ncha ya kidole inameza boga, sufuria nzima itameza mwamba. Akaishika kwa mikono miwili, akainua.

Gudu. Gudu. Gudu. Gudu.

Akaishusha sufuria. Akakaa. Akatabasamu.

"Tamu kidogo," akasema. "Mwanzoni."

Kisha pilipili kichaa ikafika. Nyuma yake ukafika mzizi usio na jina. Nyuma yake yakafika masizi na mafuta ya taa ya babu yake Kima. Kilemba kikaruka chenyewe. Masharubu yakasimama. Na kutoka kwenye koo lile ikatoka sauti ambayo mwamba ule haukuwahi kuisikia kabla wala baada ya siku hiyo:

"NGAAAAAAAAAAAARRRR!"

Bondeni, Kokoto akainua kichwa. Kwenye majani marefu, Jabali akatema alichokuwa anatafuna. Huyo hakuwa Kanga. Huyo hakuwa Kima. Huyo alikuwa adui mwenyewe, na hawakuhitaji mtu wa kuwaambia.

Mama Pimbi akaruka mruko wake mmoja, akaupiga ungo teke bila kujua, ungo ukaviringika naye mpaka ndani, na nyuma yake watoto wakaanza kuingia kupitia matundu ya jiwe, huku na huku, pu! pu! pu! Vumbi likajaa, ulezi ukamwagika, huyu anamkanyaga yule, yule anamng'ata huyu. Alijaribu kuhesabu akapata wanne. Akahesabu tena akapata tisa. Akaacha.

Nje, Chui alipita mbio kuelekea kijitoni, macho yamejaa machozi, anagonga kila mti. Akanywa kijito mpaka vyura wakabaki wamesimama kwenye matope. Alipoinua kichwa angurume tena, sauti ilikuwa imekwenda. Ikatoka hivi: "Kroo-haa. Kroo-haa." Kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno mbovu. Mpaka leo hajapata nyingine. Simba ananguruma, yeye anapasua mbao.

Majirani walirudi mpaka kwenye mlango wa ufa jua lilipoinama, baada ya kuhakikisha kwamba wamechelewa.

"Ni tangawizi yangu iliyomshinda," akasema Bi Kanga. "Ingawa ilitemwa."

"Chumvi," akasema Nungunungu.

"Ni dawa ya babu!" akasema Kima. "Nilisema mimi. Koo la mtu haliumi tena."

"Chui koo linamuuma sana," akasema Nungunungu.

"Basi alikunywa kidogo."

Ngiri alikuwa anapenga kamasi. Bado alikuwa na mafua.

Mama Pimbi akawaacha wabishane; sauti ya kuita bado hakuwa nayo. Vumbi lilikuwa limetua kidogo pale ndani. Akasaga ulezi uliosalia, akasonga ugali kwa chungu kingine, akatoa mboga, akapanga sahani saba kwenye jiwe. Halafu akashika upawa, akagonga sahani moja moja, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ngo.

"Nipo," akasema Kokoto.

Ngo. "Nipo," Changarawe.

Ngo. "Nipo," Jabali, kinywa kimejaa.

Ngo. "Nipo." Ngo. "Nipo." Kijiwe na Kifusi, wanagombana nani amesema kwanza.

Ngo.

Kimya.

Mama Pimbi akagonga tena. Ngo.

Kimya. Hata Bi Kanga alinyamaza, jambo ambalo halijatokea tena. Nje, kwa mbali, Chui alikuwa anapasua mbao. Mama Pimbi akatazama tundu la juu, lile la upande wa kileleni. Tupu. Akatazama nyuma ya mafiga. Tupu. Akainua upawa kwa mara ya tatu, na mkono ukawa hautaki kushuka.

Ngo.

"Fff," ikasema sauti moja, chini kabisa.

Ungo ukatikisika. Mama Pimbi akaufunua. Vumbi alikuwa amelala chali chini yake, ulezi masikioni, makapi puani. Alikuwa amejibu mara zote tatu.

"Koo!" akapiga kelele Bi Kanga, akichomoa kibuyu kingine cha asali.

"Kwetu sisi—" akasema Nungunungu.

"Babu yangu—" akasema Kima.

Mama Pimbi akainua upawa. Wakarudi nyuma wote. Kibuyu cha asali akakirudisha kwa mkono wa heshima, kwa sababu mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata awe amelia vipi, hata jirani anune vipi. Akamfuta mtoto pua. Akampa maji vuguvugu, matupu, kidogo kidogo. Kisha akaonyesha vidole vitatu na kuelekeza bondeni, na kila mtu alielewa: kesho, siku ya tatu, koo likiwa bado linauma, yeye na mtoto wote wawili, zahanati. (Msiniulize zahanati ya wanyama iko wapi. Ipo, na foleni yake ni ndefu.)

Vumbi alipona, na mama yake naye alipona siku ya nne, zahanati walishakwenda. Kilichomponya mpaka leo wanabishana. Kanga anasema hivi, Nungunungu anasema vile, tabibu ana karatasi yake. Mimi nafikiri ni kule kukaa siku nne bila kumwita mtoto yeyote.

Funzo la ngano hii ni hili: dawa ya jirani haikataliwi. Pokea zote, changanya zote, wala usiulize jina la mzizi. Mganga akikuambia panua kinywa, mtii. Na akikuambia ncha ya kidole, kunywa sufuria.

Imekuwa chungu?
— Tumemeza!
Imekuwa tamu?
— Umeificha!
Sahani saba, midomo saba. Kuleni, kabla ugali haujapoa.